Farasi Wanaoliwa Kati ya Injini na Gurudumu

Vijana wa gereji, wiki iliyopita nilipita kwenu kumwona mtoto wa mdogo wangu, nikakuta lori liko juu ya rulo, zile roli za chuma za kupimia nguvu, linanguruma, na ninyi mmekizunguka kioo cha kompyuta. Kioo kiliandika nguvu za farasi mia moja arobaini kwenye magurudumu. Chini yake kikaandika mia moja sitini na tano kwenye injini. Nikamuuliza mmoja wenu, hao ishirini na tano umewatoa wapi? Akanijibu kwa heshima kabisa, mashine inaongeza yenyewe, mama, ni asilimia fulani, iko ndani. Nilirudi nyumbani nikakosa hamu ya kula, ndiyo maana nawaandikia.

Rulo hazijui injini. Zinajua gurudumu tu. Kati ya injini na gurudumu kuna sanduku la gia, shafti, ponti ya nyuma, yaani ekseli, na gia zake, beringi, na tairi yenyewe, na kila kimoja kinakula. Kinakula kiasi gani? Hilo haliko ndani ya kompyuta. Liko ndani ya lori lile, siku ile. Malori mawili yanaweza kutoa mia moja arobaini kwenye gurudumu kila moja. La kwanza injini imechoka lakini mwili wake ni mzima, litapanda mlima kwa kulalamika na litafika. La pili injini yake ni kali, ila kuna kitu nyuma kinachokula farasi hamsini. Hilo litapanda vizuri, dereva atapiga mluzi, na mahali fulani njiani kile kinachokula kitashiba.

Mimi sikusomea mambo haya. Baba alikufa nikiwa darasa la pili la sekondari, mama akamfuata kabla mwaka haujaisha, na nyuma yangu kulikuwa na wadogo wanne. Kampuni ya migodi iliyokuwa imemwajiri baba ilinichukua kufagia karakana ya malori hapa Likasi. Nilikuwa nafagia huku nasoma mshale wa mashine kwa sauti, kama mtoto anavyosoma vibao vya barabarani. Mkubwa wa rulo, Papa Mbuyi, akanisikia. Akanipa daftari, akasema mafundi wake wanaandika kama kuku aliyekunywa pombe ya munkoyo. Tangu siku hiyo niliandika mimi. Wadogo zangu waliniita Yaya, kama ilivyo kwa kila mkubwa wa nyumba, na karakana nzima ikafuata, hata wazee wenye mvi.

Papa Mbuyi alikuwa mtu mfupi, mkimya, mwalimu wa kwaya katika kanisa la zamani la misheni kwa zaidi ya miaka ishirini. Tulihesabu farasi pamoja kutwa, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona farasi. Fundi Kaseba aliuliza siku moja kama farasi anamzidi pofu wa porini kwa ukubwa. Papa Mbuyi akasema yeye amemwona kwenye kalenda, na alikuwa amelala.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la tairi. Niliandika kwamba lori fulani limepoteza farasi kumi na wawili kwenye injini. Mafundi wakafungua injini, siku mbili, boliti zimetandazwa sakafuni kama mahindi. Siku ya tatu Papa Mbuyi akaja na pampu, akajaza upepo tairi za nyuma, akaenda zake. Tulipolirudisha lori kwenye rulo, farasi walikuwa wamerudi wote. Tairi laini inakula kuliko mkwe. Pima upepo kwanza, ndipo useme habari za injini.

Sasa sikilizeni alivyonifundisha kuliuliza lori. Unalikaza, yaani dereva anakanyaga mafuta mpaka mwisho, mshale unaonyesha nguvu ya gurudumu, unaandika. Halafu dereva anakanyaga klachi, anazima injini, na breki ya rulo inaachiwa. Magurudumu yanaendelea kuzunguka yenyewe. Hakuna anayeyasukuma. Kinachoyapunguza mwendo ni kile kile kinachokula farasi. Ukipima muda kutoka kilomita sitini kwa saa mpaka thelathini, unajua kimekula kiasi gani. Yakichukua muda mrefu, kinachokula ni kidogo. Yakisimama upesi, kuna tumbo kubwa mahali fulani. Unajumlisha na nguvu ya gurudumu, unaongeza kidogo kwa sababu gia zinakula zaidi zikibebeshwa mzigo, na hiyo ndiyo nguvu ya injini.

Sikuipenda kamwe sehemu hiyo. Kelele yote inakatika mara moja. Lori la tani kumi linakimbia kilomita sitini na halisogei hata kidole. Dereva amekaa ndani, mikono iko kwenye usukani, anautazama ukuta. Chini yake kitu kinapumua, kinapumua polepole zaidi, na wewe unasubiri kiache.

Tulikuwa na saa ya kupimia muda. Wanajeshi walipopora mji, ilikwenda pamoja na mabati ya paa, taa, na mlango wa choo. Saa za mkononi watu walikuwa wamekwisha kuzibadilisha kwa unga. Tokea hapo jua la saa sita liliingia karakana kwa matobo, nguzo za mwanga zikasimama kati ya malori yaliyokufa, na mchana ukawa wakati wa kuogopwa kuliko usiku. Mishahara haikuja. Watu mia mbili wakawa hamsini, kisha kumi na wawili. Tulibaki kwa sababu mashine ilikuwa nzima, na wafanyabiashara walileta malori yao mabovu tuwaambie yatabeba kiasi gani. Na malori hayo, msisahau, yalibeba watu juu ya magunia. Namba yangu ilibeba watu.

Bila saa, Papa Mbuyi alituimbisha. Alichagua wimbo mmoja wa kanisa lake, wa beti nyingi. Mwendo wake haukubadilika, awe na homa au na njaa. Kabla saa haijaporwa alikuwa amejipima nayo mara nyingi, akajua mstari mmoja unachukua sekunde tano. Akapaka ukutani kwa rangi nyeupe: mistari kumi na miwili, farasi ishirini na watano. Mistari kumi, thelathini. Mistari sita, hamsini. Lori linaachiwa, sisi tunaanza kuimba, mimi nahesabu mistari kwa vidole. Wageni walidhani tunaliombea. Mwenye lori mmoja alivua kofia.

Halafu ukaja ule wakati ambao watu wa asili ya Kasai waliambiwa waondoke mkoani kwetu. Papa Mbuyi alizaliwa hapa hapa Likasi, baba yake ndiye aliyetoka Kasai. Haikusaidia. Nilimkuta stesheni, amekaa na mkewe juu ya magodoro, wakingoja treni pamoja na maelfu ya watu. Nilimpelekea unga kidogo na sabuni. Nikamwambia kazi inaendelea, nimebaki na Kaseba na mwenzake mmoja, na Kaseba ndiye anayeongoza wimbo.

Alifikiri sana. Kisha akaniuliza, “Kaseba anasali wapi?”

Nikamjibu kwamba anasali kwenye chumba cha maombi karibu na soko, pale ninaposali mimi pia. Akatikisa kichwa taratibu. Mkewe akaanza kukohoa, akamgeukia, na mimi nikaona aibu ya kusimama pale na miguu yangu yenye pa kurudi. Niliporudi siku iliyofuata, treni ilikuwa imewachukua. Sijapata habari zake tena, za uzima wala za kifo.

Tuliimba watatu. Na hapo ndipo kitu kilianza ambacho mpaka leo sina maelezo yake. Tulipomaliza mstari, mwisho wa karakana, kule kwenye mabehewa ya zamani, mstari ule ule ulikuwa bado unamalizika. Si kama mwangwi unaorudi mara moja na kufa. Ulikuwa nyuma yetu kidogo, na kila mstari ulizidi kubaki nyuma, kama mtu anayeimba kwa mwendo wake na hana habari na wetu. Kaseba alikuwa wa kwanza kulisema. “Yaya, kule nyuma kuko muntu.” Tulikwenda kutazama. Hapakuwa na mtu, kulikuwa na mwanga wa jua sakafuni na vumbi la shaba. Nikawaambia ni paa lililotoboka. Kaseba akasema paa haliimbi. Tangu hapo aliongoza wimbo akiwa ameupa ule upande mgongo, na kama ni kweli aliharakisha kwa hofu, sikugundua, kwa sababu mimi pia niliharakisha.

Mdogo wangu wa pili anaitwa Mwape. Wakati huo alikuwa na miaka ishirini na mmoja, na alikuwa amepata kazi ya udereva kwa Mzee Amisi, mfanyabiashara aliyetoka upande wa Maniema, mtu wa msikiti, mpole na mwenye macho. Mzee Amisi alinunua lori lililokaa muda mrefu, akataka lianze safari za Kakanda, unga na watu, kwenda na kurudi. Kibao cha injini kilisema farasi mia mbili na kumi. Akalileta kwetu na kuuliza swali la kiungwana: injini ina nguvu gani kweli, na ponti ya nyuma ni nzima?

Tulilikaza. Mia moja arobaini kwenye gurudumu. Tukaliachia, tukaimba. Mistari kumi. Ukutani: thelathini. Nikaandika injini mia moja sabini, imechoka, ponti nzima, apunguze mzigo. Nikatia sahihi. Mwape aliushika ule mkono ulioandika, akacheka, akasema sasa analala bila wasiwasi kwa sababu dada yake amelipima.

Siku ya safari yao ya kwanza ilikuwa siku ya mazishi katika barabara yetu. Bibi mmoja jirani, muumini wa kanisa la zamani, alikuwa amefariki. Tulifika makaburini jua likiwa kichwani kabisa, hakuna kivuli hata cha mtu. Kwaya ilikuwa ya wanawake wazee, wale wale aliowafundisha Papa Mbuyi. Wakaanza wimbo ule.

Niliuitikia bila kufikiri. Nikaimba mstari wa kwanza, wa pili, nikaingia wa tatu, na sauti yangu ikawa peke yake. Nilidhani wenzangu wamenyamaza. Hawakunyamaza. Walikuwa bado katikati ya mstari wa pili, wanakuja polepole na jeneza, na mimi niko mbele. Nikajirudi, nikaanza nao tena. Nikawaacha tena. Ulimi wangu ulikuwa umezoea mwendo wa chumba cha maombi, kule tunakoimba kwa ngoma na makofi, na wimbo ule wa zamani tulikuwa tumeuchukua na kuukimbiza bila mtu kuamua. Mwanamke mzee aliyekuwa karibu nami akanishika kiwiko.

“Mutoto,” akasema kwa upole, “unamutangulia marehemu kwenda wapi?”

Nikafumba mdomo, nikahesabu kwa vidole. Wao wakiimba mistari mitatu, mimi kichwani nilikuwa nimemaliza mitano. Nikahesabu tena, ubeti mzima, huku udongo unaanza kutupwa. Mitatu kwa mitano. Basi mistari yetu kumi ilikuwa sita ya Papa Mbuyi. Na sita, ukutani, ni hamsini. Injini ya lori la Mwape haikuwa imechoka. Ilikuwa na mia moja tisini au zaidi, na nyuma yake kitu kilikuwa kinakula hamsini badala ya thelathini. Farasi ishirini wa ziada wanageuka moto ndani ya chuma unachoweza kukikumbatia kwa mikono miwili, na juu yake watu wamekaa.

Niliondoka kabla sijatupa udongo wangu. Kwetu hilo halifanywi, na wako wanaonikumbusha hadi leo. Nilitembea mpaka nikatoka getini, kisha nikakimbia.

Lori lilikuwa bado kwa Mzee Amisi, limejaa. Magunia, na juu ya magunia watu kama ishirini, wanawake wenye watoto, kuku, mtu mmoja na kitanda chake. Mwape alikuwa kwenye usukani anapasha injini. Nikasimama mbele ya lori, nikamwambia azime.

Alishuka. Nikamwambia ponti ni mgonjwa, wasiende.

“Yaya, ni weye mwenyewe ulisinye karatasi,” akasema. “Juzi iko muzima, leo iko mugonjwa?”

“Minye nilikosea.”

“Ulikosea namna gani?”

“Tuliimba mbio.”

Watu wa juu walicheka mpaka kuku wakaruka. Mwenye kitanda akasema kumbe lori lenyewe ni la kwaya, akauliza yeye ataimba sauti ya ngapi. Mwape hakucheka. Alikuwa ameona aibu kwa ajili yangu, na hilo liliniuma kuliko kicheko. Ningeweza kusema nimesikia sauti mpya, au nimeota, na wangenielewa upesi zaidi, maana siku zile ndoto ziliaminiwa kuliko mashine. Lakini kosa lilikuwa la hesabu, nikalisema kama lilivyo, mbele ya wote.

Mzee Amisi alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, “Binti yangu, sikukatalii. Ila watu hawa wana safari. Nionyeshe kwa macho.”

Hapa andikeni, vijana, maana rulo zinaweza kukosekana na umeme unaweza kukatika. Nilimwambia Mwape aende kilomita tano hivi na kurudi, na asiguse breki kabisa, aliache lori lisimame lenyewe, ili moto wa breki usitudanganye. Watu walikataa kushuka wasije wakapoteza nafasi, wakaenda hivyo hivyo. Waliporudi nilikuwa na ndoo ya maji. Nikamwaga kikombe kwenye kitovu cha gurudumu la kulia. Maji yakalowesha vumbi, yakatiririka. Nikazunguka nikamwaga kikombe cha pili kwenye kitovu cha kushoto.

Maji yalikataa kukaa. Yaliruka kama kitu kilicho hai, yakatoa sauti moja fupi, na palipomwagwa pakawa pakavu palepale.

Hakuna aliyewaambia watu washuke. Walianza wenyewe, wakipokezana watoto. Mwenye kitanda alishuka wa mwisho na hakukumbuka kitanda.

Jioni walipofungua, beringi ya kushoto ilikuwa ya buluu kama shingo ya njiwa, na pete yake imepasuka nusu. Mwape aliishika, akaipindua, akaiweka chini.

“Mutelemuko ya Kakanda ningeshuka nayo,” akasema. Yuko hai, ana wajukuu, ninyi mnamjua.

Mngependa niishie hapa. Lakini mwendo wa wimbo haukukosewa kwa lori moja. Asubuhi nilifungua daftari, nikahesabu malori yote tuliyopima tangu Papa Mbuyi aondoke. Yalikuwa tisa. Nikaanza kuyatafuta. Kwa baiskeli ya Mwape, kwa teksi-basi, kwa miguu. Mengine yalikuwa mazima kweli, nikapima kwa kikombe cha maji nikaomba radhi. Mawili yalifunguliwa mbele yangu na wenyewe wakanishukuru. Moja lilikuwa limekwisha kuvunjwa vipande. Wiki tatu zilipita hivyo, mpaka likabaki moja, lenye kabini ya kijani, lililoletwa kupimwa na mtu aliyesema analipeleka upande wa Mwadingusha kuchukua samaki wakavu.

Nililikuta kabla ya kufika bwawa la Mwadingusha, pale barabara inaposhukia mto Lufira. Lilikuwa limeingia kwenye majani marefu kando ya njia, wima, kioo hakijavunjika. Gurudumu la nyuma la kushoto halikuwepo, na shafti ilikuwa imetoka nje kama mfupa. Mlango ulikuwa wazi. Nikapanda nikatazama ndani. Gia ilikuwa huru na ufunguo umezimwa. Mtu alikuwa ameliachia lishuke lenyewe.

Chini kidogo mwanamke alikuwa analoweka mihogo. Nikamsalimu, nikamuuliza watu wa lori lile wako wapi.

“Bantu gani?” akasema. “Ilifika bila bantu.”

Nikauliza nyumba zinazofuata. Jibu lilikuwa hilo hilo, kwa maneno hayo hayo, bila kunitazama. Lilifika bila watu. Labda waliogopa maulizo ya wanajeshi. Labda walikuwa wamezika na hawakutaka kufukua. Labda ilikuwa kweli, kwa namna ambayo sitaki kuiwaza, kwamba lori lile lilishuka mlima ule tupu na kusimama mbele yao. Maji ya Lufira yalisikika kutoka chini, sauti moja isiyopumzika.

Nilirudi kwa yule mwanamke. Nadhani alinihurumia, kwa sababu aliacha mihogo yake, akajipangusa mikono, akanikaribia.

“Basi uniambie,” akasema. “Unamutafuta nani? Anaitwa nani? Labda nitauliza.”

Nikafungua daftari. Ukurasa ulikuwa umejaa kwa mwandiko wangu mzuri: uzito, upepo wa tairi, nguvu ya gurudumu, mistari, farasi waliokuliwa, nguvu ya injini, sahihi. Niliusoma mara mbili, yeye akisubiri. Jina la dereva halikuwemo. Sikuwa nimemuuliza.